Zana ipo mtandaoni, darasani haijafika: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya sekondari

KWA: Wasimamizi wa elimu ya sekondari mnaoandaa mihtasari, mnaoendesha maktaba za mtandaoni na mnaogawa vifaa vya TEHAMA kwa shule

KUTOKA: Walimu wa masomo na wakuu wa idara, shule za sekondari, Tanzania Bara

YAH: UGUMU WA KUPATA NA KUTUMIA ZANA ZA KUFUNDISHIA ZILIZOPO MTANDAONI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Agizo la kufundisha kwa TEHAMA tunalikubali, na tungelikubali hata kama lisingekuwa agizo. Mwanafunzi anayeona kwenye skrini mkondo wa umeme ukipungua kadiri ukinzani unavyoongezwa huelewa upesi kuliko anayenakili sentensi hiyo ubaoni. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu, baadhi ya shule zina projekta, na simu janja zimeenea. Kinachokosekana ni njia fupi ya kumfikisha mwalimu kwenye zana yenyewe. Hoja zilizomo humu zimepelekwa kwa maandishi kupitia wakuu wa shule, zimezungumzwa kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), zimepanda ngazi kama utaratibu unavyotaka. Jibu limekuwa kwamba jambo linafanyiwa kazi. Mihula imepita. Ndiyo sababu tunaandika hadharani, kwa heshima ileile tuliyoandikia kwanza.

Kila kasoro tumeieleza pamoja na chanzo chake, maana nyingi kati yake hazingoji fedha. Zinangoja uamuzi wenu.

1. Hakuna faharasa inayofuata muhtasari

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na tutakaa hapa kidogo.

Mwalimu wa fizikia anayeandaa somo la mashine rahisi ana njia mbili. Akifungua maktaba ya mtandaoni anayoelekezwa, anakuta vitabu vizima vimepangwa kwa jina la somo na kidato. Hakuna mada, hakuna umahiri mahususi, wala hakuna kinachomwambia kwamba jaribio la kapi analolitaka lipo ukurasa fulani. Muhtasari una safu ya rasilimali zinazopendekezwa, lakini humo hukuta neno kama "video" au "chati" bila kuambiwa ipi, na iko wapi. Njia ya pili ni kuingia Google, na huko anakutana na mamia ya kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa nchi nyingine.

Kinachomkwamisha huko mara nyingi ni istilahi. Mihtasari yetu imefuata Kiingereza cha Uingereza, ilhali sehemu kubwa ya zana huria zinatoka Marekani. Anayetafuta "velocity ratio" hazioni kurasa nzuri za Kimarekani kwa sababu wao husema "ideal mechanical advantage". "Surds" kwao ni "radicals", "indices" ni "exponents", "gradient" ya mstari ni "slope", "trapezium" ni "trapezoid". Hatari zaidi ni "standard form": kwetu ni 4.5 × 10³, lakini katika vitabu vingi vya Marekani maneno hayohayo yana maana ya namba iliyoandikwa kikawaida, yaani 4,500. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuwapa wanafunzi karatasi ya mazoezi yenye majibu yaliyo kinyume kabisa na anachofundisha. Na wanafunzi hawa wametoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili. Neno moja la Kiingereza kwa kitu kimoja tayari ni mzigo, mawili ni kuwapoteza njia.

Mwalimu mzoefu hupita hivi: anaandika istilahi ndani ya alama za nukuu, anaongeza filetype:pdf ili apate nyaraka badala ya matangazo, au anaandika site: na anwani ya tovuti anayoiamini. Matokeo yakiwa machache anarudia kwa istilahi ya upande wa pili. Kisha anafungua matokeo matano au sita na kukagua moja moja: kiwango ni cha kidato gani, vizio ni vipi, imeandikwa lini, inaruhusiwa kunakiliwa au la, majibu ya mwisho yako sahihi au la. Kwa mada moja kazi hiyo hula saa nzima, bila kutia chumvi. Na kila mwalimu wa fizikia nchini anairudia peke yake, usiku, kwa bando lake mwenyewe, kutafuta kitu ambacho mwenzake wa wilaya ya pili alishakipata mwaka jana.

Mitaala iliyoboreshwa inaingia kwa awamu tangu 2024, kwa hiyo kwa miaka kadhaa shule moja inaishi na mihtasari miwili, wa zamani kwa vidato vya juu na mpya kwa vya chini. Zana nyingi zilizopakiwa hazioneshi ziliandaliwa kwa muhtasari upi. Mada iliyohamishwa kidato au kubadilishwa kina inafundishwa kwa andalio la zamani, na mwalimu anakuja kugundua mwishoni mwa muhula.

Mfano wa mpangilio mzuri tunao hapahapa. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, mwaka kwa mwaka na somo kwa somo, zikichambua kila swali na kuonesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Ni zana ya kufundishia yenye thamani kubwa, na ingetumika zaidi kama kungekuwa na orodha ya kuiunganisha na mada. Leo anayetaka kujua wanafunzi hukosea nini kwenye dhana ya moli anafungua ripoti za miaka mitano, moja baada ya nyingine, na kuzisoma zote.

Faharasa tunayoiomba haihitaji mfumo mkubwa. Jedwali la Excel linatosha kuanzia, lenye safu 12: somo, kidato, toleo la muhtasari, umahiri mahususi, istilahi ya Kiingereza tunayotumia, istilahi mbadala, kiungo, aina ya faili, ukubwa kwa MB, leseni, tarehe ya kuhakikiwa, na shule ya mhakiki. Safu ya istilahi mbadala isiachwe, maana ndiyo itakayomwokolea mwalimu ile saa moja.

2. Mafaili ni mazito bila sababu

Kitabu cha kurasa 200 chenye michoro, kikitolewa PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu kilikopangwa, kwa kawaida huwa na MB 5 hadi 15. Kitabu hichohicho kikichapishwa kwenye karatasi kisha kikaskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi, kila ukurasa wa A4 unageuka picha ya pikseli 2,480 kwa 3,508. Hata ikibanwa, picha hiyo hukaribia MB 1, na kitabu kizima MB 200. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, MB 200 hupakuliwa kwa dakika 27 hivi. MB 12 hupakuliwa chini ya dakika 2. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 90, na seva haikuwekwa iendeleze upakuaji ulipoishia, mwalimu anaanza upya na bando lililoliwa halirudi. Walimu watano wa somo moja wakikipakua kila mmoja kwa simu yake, GB 1 imekwisha kwa kitabu kimoja.

Vitabu vya miaka hii vyote vimepangwa kwa kompyuta, kwa hiyo faili la asili lipo kwa mchapaji. Lipakieni hilo. Kwa vitabu vya zamani ambavyo faili limepotea, kurasa za maandishi ziskaniwe kwa nyeusi na nyeupe tupu, si rangi wala kijivu, nukta 300 kwa inchi. Ukurasa hushuka hadi makumi ya KB. Kurasa zenye picha pekee ndizo ziwe za kijivu, nukta 150. Kisha zipitishwe kwenye OCRmyPDF, programu ya bure inayotumia Tesseract kutambua herufi, na Tesseract inajua Kiingereza na Kiswahili. Baada ya hapo maneno yaliyomo yanatafutika. PDF ya picha tupu haitafutiki kabisa: mwalimu akiandika "osmosis" kwenye kisanduku cha kutafuta anaambiwa halipo, na liko mbele ya macho yake.

Vitabu pia vigawanywe sura kwa sura, kitabu kizima kikibaki kama chaguo la pili. Anayefundisha sura ya saba hana haja ya kupakua zile sita.

Video nazo zina hesabu yake. Dakika 10 kwa ubora wa 480p ni MB 40 au 50. Kwa 1080p huvuka 150. Kwa projekta ya darasani 480p inatosha ikiwa mpiga picha alisogeza kamera karibu na ubao. Ziwe MP4 iliyobanwa kwa mbinu ya H.264. Zile za H.265 ni ndogo zaidi, lakini vishikwambi vya zamani na projekta zenye tundu la flashi mara nyingi hutoa sauti bila picha, na mwalimu hudhani faili limeharibika.

3. Zana zinadai mtandao kipindi kikiwa kinaendelea

Baadhi ya maktaba humruhusu mwalimu kusoma akiwa mtandaoni tu, ukurasa mmoja mmoja. Nyingine hudai akaunti, nenosiri, na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu. Kipindi ni dakika 40. Mawimbi yakiyumba, namba ikachelewa, ukurasa ukagoma kufunguka, robo ya kipindi imeliwa na darasa limeshaanza kupiga soga. Mwalimu aliyeumbuka hivyo mara mbili hurudi kwenye chaki, na hatumlaumu.

Njia ya kufanya kazi bila mtandao ipo na imekomaa. Kiwix hufungua Wikipedia na hazina nyingine zilizofungashwa katika mafaili ya ZIM, kwenye simu, kishikwambi au kompyuta. Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality, hukusanya masomo na video kutoka vyanzo vingi na kuvigawa kwa darasa zima kupitia waifai ya ndani ya chumba. Maigizo ya kisayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili, hupakuliwa kila moja kama faili moja la HTML lenye MB chache na kufunguka kwenye kivinjari bila mtandao wowote. GeoGebra ya hisabati nayo ina toleo la kusakinisha.

Shule inayotaka seva yake inaweza kuanza na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, pamoja na kadi ya kumbukumbu ya GB 128 na chaja ya volti 5 yenye ampea 3. Umeme unaotumika ni mdogo kiasi kwamba powerbank nzuri huiendesha asubuhi nzima. Waifai yake ya ndani inafaa vikundi vichache tu. Kwa wanafunzi 40 iunganisheni kwa waya na ruta ya kawaida, na ruta ndiyo isambaze. Kinachoua seva hizi haraka ni kung'olewa umeme ghafla: kadi huharibika. Mwalimu afundishwe kuizima kwanza, na kadi ya pili iliyonakiliwa iwe kabatini.

Kuna mtego mdogo ambao umewakatisha wengi tamaa. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Mwalimu ananakili faili la ZIM la GB 6 kwenye flashi ya GB 32 iliyo tupu, na kompyuta inalikataa. Flashi hiyo ifomatiwe kwa exFAT, lakini video za kuchomeka moja kwa moja kwenye projekta zibaki kwenye flashi nyingine ya FAT32, kwa sababu projekta nyingi za zamani hazisomi exFAT. Sentensi mbili kama hizi kwenye mwongozo wenu zingeokoa semina nzima.

4. Viungo vilivyokatika na zana zilizokufa

Flash ya Adobe, programu iliyokuwa ikiendesha maigizo ndani ya vivinjari (si flashi ya kuhifadhia), ilifikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020. Maabara za kuigiza zenye mafaili ya .swf bado zimeorodheshwa kwenye miongozo kana kwamba zinafanya kazi. Ziondolewe, au ziwekwe pamoja na Ruffle, programu huria inayofungua baadhi yake. Na kila tovuti inapotengenezwa upya, anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya. Kiungo kilichochapishwa kwenye kiongozi cha mwalimu hakiwezi kufutwa kwenye karatasi.

5. Zana hazilingani na maabara, ramani na mashine zetu za fotokopi

Video ya titresheni iliyorekodiwa nje inatumia pipeti ya sentimita za ujazo 25. Shule ina ya 20, na hesabu zote za mwisho zinabadilika. Video inaonesha mwali wa Bunsen. Shule nyingi zina motopoa, ambao mwali wake ni dhaifu, hivyo muda wa kupasha moto hauwi uleule na mwanafunzi anaandika "hakuna badiliko" kabla badiliko halijatokea. Haya yanarekebishika kwa aya moja ya maelezo chini ya kiungo, ikiwa mhakiki ni mwalimu aliyewahi kuandaa mtihani wa vitendo.

Jiografia ina shida ambayo nje ya somo haionekani. Ramani za topografia tunazofundishia ni za skeli ya 1:50,000, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Mwalimu akipakua ramani na kuichapisha huku programu imeachwa kwenye chaguo la kutosheleza ukurasa, ramani hupunguzwa, tuseme hadi asilimia 93. Barabara ya kilomita 5 sasa ina urefu wa sentimita 9.3 badala ya 10. Mwanafunzi anaipima sawasawa, anatumia skeli iliyoandikwa pembeni sawasawa, na anapata kilomita 4.65. Anakosa alama kwa kosa la printa. Ramani zote zipakiwe na skeli ya mstari ndani ya picha, kwa kuwa hiyo hupungua pamoja na ramani, na maelekezo ya kuchapisha kwa asilimia 100 yaandikwe juu kabisa. Pia zisisambazwe kama picha za WhatsApp. Picha hubanwa na mistari ya kontua huungana kuwa doa la kahawia. Zitumwe kama waraka.

Mwisho wa safari ya zana nyingi ni fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Grafu yenye mstari mwekundu na wa kijani inatoka na mistari miwili ya kijivu isiyotofautishika. Wachoraji wenu watumie mstari mzima, wa vistari na wa nukta, na waandike jina la kila mstari kando yake.

6. Haijulikani kinachoruhusiwa

Zana isiyo na maelezo ya leseni ihesabiwe kuwa haki zake zote zimehifadhiwa. Kwa hiyo mwalimu mwaminifu anayetaka kubadilisha "slope" iwe "gradient" na kuwapa wenzake hajui kama anavunja sheria. Leseni za Creative Commons zinamaliza utata huu kwa herufi chache: BY inataka mwandishi atajwe, SA inataka kazi mpya ibebe leseni ileile, NC inazuia biashara, ND inazuia kusambaza kilichobadilishwa. Zana zilizoandaliwa kwa fedha za umma zipewe BY. ND isitumike kabisa, kwa sababu zana isiyoruhusiwa kurekebishwa haiwezi kufasiriwa wala kulinganishwa na muhtasari. Pendekezo la UNESCO kuhusu rasilimali huria za elimu lilipitishwa na nchi wanachama Novemba 2019, na linaelekeza huko.

Hatuombi riwaya na tamthiliya za waandishi wetu zitolewe bure. Hao wana haki ya kula jasho lao, na nakala za wizi zinazozunguka kwenye makundi ya simu zinawaumiza. Tunasema juu ya kile ambacho umma umeshakilipia.

7. Makosa hayana pa kupelekwa

Jibu likikosewa kwenye zana iliyopakiwa, linanakiliwa shule kwa shule. Kila zana iwe na namba, toleo, tarehe na anwani ya kupokea masahihisho, na orodha ya masahihisho ionekane kwa wote.

8. Wanafunzi wasioona wameachwa nje

NVDA ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na sauti za eSpeak NG zinajumuisha Kiswahili. Lakini haiwezi kusoma moja kwa moja PDF ya picha tupu. Kila kitabu mlichokiskani bila kutambua herufi mmemfungia mlango mwanafunzi asiyeona, hata kama shule yake ina kompyuta, umeme na mwalimu aliyefunzwa. Hili linatuuma kuliko mengine, kwa sababu dawa yake ni ileile ya hoja ya pili.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema tovuti ipo, walimu ndio hawaingii. Waliingia, wakakuta yaliyoelezwa hapo juu. Hesabuni waliofungua ukurasa wa kitabu na waliofanikiwa kukipakua hadi mwisho; takwimu hizo ziko kwenye seva zenu.

Mtasema hakuna bajeti. Tuchukue somo moja lenye mada 10 kwa kila kidato, vidato 4, zana 5 kwa kila mada: ni zana 200. Walimu 4 wakihakiki 10 kila mmoja kwa siku, kazi inakwisha kwa siku 5. Wiki moja ya likizo, chumba kimoja chenye mtandao mzuri, posho ya kawaida ya mafunzo. Vituo vya walimu vipo, na vikao vya MEWAKA tayari viko kwenye ratiba.

Mtasema intaneti inafika mashuleni, tusubiri. Tunaifurahia. Hata hivyo muunganisho wa megabiti 4 ukigawanywa kwa vishikwambi 40, kila kimoja kinabaki na kilobiti 100 kwa sekunde, na video haichezi. Seva ya ndani itahitajika hata siku hiyo.

Mtasema wachapishaji wana mikataba. Basi wekeni wazi mikataba inazuia nini hasa, kitabu kwa kitabu, na anzeni na zana ambazo hazina mkataba wa mtu: viongozi vya mwalimu, miongozo ya vitendo, ramani na mihtasari yenyewe.

Tunachoomba

(a) Ndani ya siku 30, mihtasari yote miwili inayotumika iwekwe mahali pamoja, kila mmoja ukiwa na alama ya mwaka na vidato unavyovihusu, na vitabu vyote vipakuliwe bila akaunti.

(b) Ndani ya siku 90, mafaili yote yanayozidi MB 30 yabadilishwe kwa njia iliyoelezwa katika hoja ya pili, yakiwa na maandishi yanayotafutika na kusomeka kwa sauti. Mkianza na vitabu vya sayansi na hisabati vya kidato cha kwanza na cha pili mtawafikia wengi zaidi.

(c) Kabla ya mwaka mpya wa masomo, faharasa ya masomo manne itoke: fizikia, kemia, hisabati na jiografia. Itolewe kama jedwali la kupakua, si ukurasa wa kutazama tu.

(d) Kila kituo cha walimu kipewe diski moja yenye mkusanyiko mzima: vitabu, faharasa, Kiwix, Kolibri na mafaili ya PhET. Mwalimu afike na flashi yake, anakili, aondoke. Diski ihuishwe mara mbili kwa mwaka.

(e) Kila zana mpya ipite kwa mhakiki mwalimu kabla ya kupakiwa, na akague mambo haya bila kuruka: inafunguka kwenye kishikwambi cha kawaida mtandao ukiwa umezimwa, majibu yote yamekokotolewa upya, istilahi ni ya muhtasari wetu, leseni imeandikwa, na inasomeka ikitolewa fotokopi.

Kwa upande wetu, idara zetu ziko tayari kutoa wahakiki wa masomo yote manne na kukabidhi orodha za viungo ambavyo walimu wameshavikagua na kuvitumia darasani. Tunaomba majibu yatolewe hadharani, hoja kwa hoja, kwa namba hizihizi, yakitaja nani anashughulikia nini na lini.

Wenu katika kazi,

Walimu wa masomo na wakuu wa idara za Fizikia, Kemia, Hisabati na Jiografia

Nakala:
Wakuu wa shule za sekondari
Wathibiti ubora wa shule
Bodi za shule na wazazi